Ngazi Saba za Milimita

Shemeji yangu alistaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu yake, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa amesimama katikati ya jiko la dada yangu, suruali ya kazini imepigwa pasi, penseli nyekundu iko sikioni, futi kamba iko mkononi, anaukagua mlango wa kabati. Dada alimzunguka na birika la chai, akanitazama mimi niliyekuwa mezani, akasema, "Mdogo wangu, nimeletewa mkaguzi."

Na kweli alikuwa mkaguzi. Miaka thelathini na mitano alikagua majengo ya manispaa. Alifika, akapima, akaandika. Ngazi, milango, madirisha, reli za kushikilia, kila kitu kilikuwa na kipimo chake kitabuni, na kitabu chote alikuwa nacho kichwani. Mafundi walimwita Milimita. Walianza kumwita hivyo kwa nyuma, wakazoea wakamwita hivyo usoni, na yeye hakukasirika hata siku moja. Nadhani alilipenda lile jina. Hakuwa mtu wa kupokea kitu chini ya meza, hilo nampa, na hakuna jengo alilolipitisha likaja kumwangukia mtu. Lakini kuishi naye ilikuwa shughuli.

Mimi ni mdogo wa mke wake, baba mmoja mama mmoja. Nilikuwa mwalimu wa chekechea, na nilistaafu miaka mitatu kabla yake. Mume wangu alishatangulia, wanangu wako mbali, nyumba yangu iko mtaa wa pili, na chai ya asubuhi nainywa kwa dada. Nasema haya ili ijulikane kwamba ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na pia ijulikane kwamba mimi na shemeji tulikuwa na kinyongo cha zamani. Sitaki mtu aniambie baadaye kwamba nilificha.

Kinyongo chenyewe ni hiki. Miaka kumi na minane iliyopita alikuja kukagua shule yetu. Tulikuwa na ngazi tano za kuingilia darasani, na fundi wetu, mtu mwenye akili zake, alikuwa ametuwekea bomba la kushikilia huko chini, sawa na mikono ya watoto. Shemeji akapima, akatikisa kichwa, akaandika kwa ile penseli yake nyekundu: reli ipandishwe hadi sentimita tisini. Nikamwambia, "Shemeji, hawa watoto wangu ni wafupi." Akanijibu bila hata kuinua macho, "Shemeji, kitabu kinasema tisini." Reli ikapandishwa. Watoto wakawa wanapanda kwa kutambaa, na ile reli ikawa ya kutundikia masweta. Sikumsemesha mwezi mzima, na yeye wala hakugundua.

Basi, huyo ndiye aliyestaafu.

Miezi ya kwanza alifanya kazi za nyumba kama mtu aliyepewa siku saba za kuondoka. Alibadilisha bawaba, akaziba bomba lililokuwa likivuja tangu watoto wako shuleni, akaikaza kamba ya kuanikia nguo mpaka ukiigusa inalia. Alinunua daftari jipya, akaandika juu yake "Kasoro za Nyumba", akaanza kuorodhesha. Alifika sitini na nne. Dada aliisoma orodha yote akiwa amevaa miwani, kisha akasema ameishi humo miaka thelathini na kasoro aliyokuwa akiiona ni moja tu, na hiyo ndiyo iliyoshika kalamu.

Tulicheka, lakini haikuwa kicheko tu. Asubuhi moja dada alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amefunga kamba za viatu vya kazini, anautazama mlango. Alikaa hivyo nusu saa. Simu yake haikulia tena. Mafundi waliokuwa wakimtetemekea sasa walimpita njiani wakimpungia mkono tu. Dada aliniambia hayo jikoni kwa sauti ya chini, na nikaona amekosa raha kabisa. Mumewe alikuwa ananyauka mbele ya macho yake, na yeye hakujua la kufanya.

Ndipo shemeji akaanza kutengeneza rafu ya jikoni. Alichagua mbao mwenyewe, akazipiga msasa siku tatu, akazipaka vanishi mara mbili, akazifunga ukutani kwa pimamaji mpaka lile tone la hewa likatulia katikati. Na alipokuwa akifanya kazi alipiga mluzi. Dada alisimama na mwiko mkononi, anasikiliza. Alikuwa hajausikia ule mluzi tangu siku ya kuagwa kazini.

Rafu ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ila aliifunga kwa kipimo cha kitabu, na dada yangu si wa kitabu. Sisi kwetu ni wafupi. Tukisimama kwenye foleni watu hudhani nafasi iko wazi. Sahani za chini alizifikia kwa kujinyoosha, sufuria za juu akawa anapandia stuli. Nikamwambia, "Dada, mwambie mumeo aishushe." Akaniwekea kidole mdomoni. "Nyamaza. Hujamsikia anavyopiga mluzi?"

Wiki ya tatu stuli iliteleza. Mimi ndiye niliyemkuta chini, sufuria pembeni, mguu umegeuka upande usiostahili. Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimfanyia upasuaji, wakamwekea chuma. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji alinishika mkono, akanikazia macho akiwa na maumivu yale yote, akasema, "Usimwambie ni rafu. Niahidi." Nikaahidi, kwa sababu mtu hambishii dada aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu.

Nyumbani, shemeji alikuwa ameigeuza ile stuli juu chini, anaipima. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa milimita mbili. Akaandika kwenye daftari: Chanzo, stuli. Nilisimama nyuma yake, nikauma meno mpaka taya likaniuma.

Hospitalini binti wa mazoezi ya viungo alimletea dada fimbo ya kutembelea, ile ya bati jepesi yenye vitundu vya kupandisha na kushusha. Akamwambia alegeze mkono ubavuni, kisha akaishusha fimbo mpaka kishikio kikafika sawa na kifundo cha mkono. Shemeji akaitazama. "Hii mbona fupi?" Binti akacheka. "Mzee, fimbo tunaipima kwa mtu wake." Shemeji akakunja uso. Njia nzima ya kurudi hakuukunjua, na mimi nilidhani anawaza ugonjwa wa mkewe. Kumbe anawaza fimbo.

Siku ya kumrudisha dada ndipo sote tulipoziona ngazi. Nyumba yao imekaa juu kidogo ya barabara. Kutoka getini hadi kibarazani kuna ngazi saba za zege, pana, shemeji alizimwaga kwa mikono yake walipohamia, makusudi ziwe pana ili jioni watu wazikalie. Hazikuwa na reli. Kwa miaka thelathini hakuna aliyeihitaji. Siku hiyo vijana wawili wa jirani walimkalisha dada kwenye kiti cha plastiki wakampandisha nacho, mmoja huku mmoja huku, na majirani wakatoka kutazama. Alikuwa amefumba macho. Alipofika ndani alisema, "Sitapita hapo tena nikiwa nimebebwa."

Jioni ile ile ikaja simu ya kifunguamimba wao. Ni mtu mzuri, anampenda mama yake, lakini amezoea kuwa bosi kazini na hajui pa kuuacha ubosi. Alisema amekwisha kuzungumza na dada yake, kitindamimba, na wamekubaliana. Yeye anakaa ghorofa ya nne, kuna lifti, chumba kipo. Mama ahamie kwake, baba amfuate, nyumba ipangishwe. "Mama hawezi kufungiwa juu ya ngazi kama paka," alisema. "Tunakuja Jumapili, wiki tano kutoka leo. Kama Mama anaweza kushuka na kupanda ngazi zenu mwenyewe, bila kushikwa, sitasema neno. Kama hawezi, tunaondoka naye siku hiyo hiyo."

Dada aliyasikia yote, maana simu ilikuwa wazi mezani. Akageuka kutazama dirisha. Chini ya dirisha hilo kuna cherehani yake. Hapo ndipo anaposhonea mtaa mzima zipu zilizokufa na sketi zilizobana, na watu wakipita barabarani wanamsalimia, naye anajua nani kapona, nani kagombana, nani kapata mjukuu. Huko ghorofa ya nne angemshonea nani? Angemwona nani dirishani, ndege? Alisema polepole, "Wakinitoa hapa nitaishi, lakini sitakuwa mimi." Shemeji alisimama, akachukua futi kamba kwenye msumari wake, akatoka nje.

Kuanzia kesho yake mluzi ukarudi. Alichora reli kwenye karatasi ya mistari ya mraba. Alichimba, akasimika nguzo, akazipima kwa timazi. Akamleta fundi wa kuchomelea, mtu mnene mwenye utani mwingi, ambaye enzi zake alikuwa ameshaandikiwa penseli nyekundu mara tano na shemeji. "Leo Milimita ananiajiri mimi!" alisema akivaa miwani yake ya giza. "Nikikosea nywele moja si utanifunga?" Shemeji akamwambia akikosea nywele moja atairudia. Hakukosea. Bomba lilisafishwa, likapakwa rangi ya kijivu, laini mkononi, halina hata kijiwe cha kukwaruza. Kimo chake, kutoka kila kipandio, sentimita tisini kamili. Ilikuwa Jumatano, zimebaki siku kumi na moja.

Dada alikuwa amefanya mazoezi kwa bidii. Ndani ya nyumba alikuwa anakwenda na fimbo kutoka kitandani hadi kwenye cherehani na kurudi. Tukamtoa kibarazani. Nikateremka mbele yake, mikono wazi, shemeji akabaki juu. Dada akaishika ile reli.

Mkono ulipanda mpaka chini ya kifua. Bega likapanda, kiwiko kikabaki nje kama cha mtu anayening'inia. Hakuwa na pa kukandamiza. Akashusha mguu mzima, akajaribu kuushusha ule wenye chuma, goti likatetemeka, na kipandio cha pili nikamdaka. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Hujaizoea tu," shemeji alisema. "Kesho tena."

Kesho yake ikawa vile vile. Ijumaa ikawa vibaya zaidi, maana sasa aliingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hata mguu mzima unamgomea. Tulimrudisha ndani. Aliniomba nimletee sanduku lake dogo, lile la nguo za safari, akaliweka kando ya kitanda bila kulifungua.

Nikatoka nje. Nikamkuta shemeji amepiga magoti kwenye ngazi, ameweka pimamaji juu ya reli, anatikisa kichwa. "Sielewi," akasema. "Reli haina kosa."

Damu ikanichemka. Nilikuwa nimejizuia miaka kumi na minane kwa ajili ya watoto na miezi miwili kwa ajili ya dada, na vyote vikatoka siku moja.

"Basi kosa ni la dada yangu? Tumrudishe kiwandani wamwongeze urefu?"

"Shemeji, tisini ni kipimo cha..."

"Cha nani? Nitajie mtu mmoja! Watoto wangu walipanda kwa magoti kwa ajili ya tisini yako. Reli ya serikali ikawa ya kuanikia masweta! Nikakwambia ni wafupi, ukaniambia kitabu. Binti wa hospitali akakuonyesha fimbo kwa macho yako, ukamwambia fupi. Umekaa na mwanamke huyu nyumba moja miaka thelathini na sita, umepima dunia nzima, yeye hujawahi kumpima!"

Akanitazama. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Sikuishia hapo.

"Na ile stuli haikuwa na kosa. Alipanda stuli kwa sababu rafu yako haifikii. Tangu siku ya kwanza haifikii. Hakukwambia kwa sababu ulikuwa unapiga mluzi, na yeye alikuwa tayari avunjike mguu kuliko unyamaze tena."

Maneno yakinitoka nilijua nimevunja ahadi, na nilijuta hata kabla sijafunga mdomo. Shemeji alisimama. Aliinua pimamaji, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaingia stoo na kufunga mlango. Mimi nilikwenda kwangu nikalia, kwa hasira kwanza, halafu kwa aibu.

Asubuhi nilikuja nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Sikupata nafasi. Jikoni, rafu ilikuwa imeshushwa. Matundu ya zamani yalikuwa yameshazibwa, na sufuria zilikuwa zimepangwa pale ambapo mimi mwenyewe niliweza kuzishika bila kunyanyua kisigino. Nilisikia sauti chumbani. Mlango ulikuwa wazi, nikasimama.

Shemeji alikuwa amesimama mbele ya kitanda, futi kamba mkononi, macho mekundu. Nimemjua mtu huyu tangu akiwa kijana wa kuja kuchumbia, sijapata kumwona hivyo.

"Mama watoto," alisema, "naomba nikupime."

Dada alimtazama, kisha akanitazama mimi mlangoni, na akajua mara moja nani kasema. Alinikata jicho. Halafu akajiinua polepole, akasimama kwa fimbo yake, akasema, "Haya, baba watoto. Ila usiandike kwa penseli nyekundu."

Akampima. Alimwegemeza kwenye mwimo wa mlango, pale pale ambapo zamani waliweka alama za urefu wa watoto. Kutoka sakafuni hadi kifundo cha mkono, sentimita sabini na moja. Kisha akamwomba ainue mguu wenye chuma kadiri anavyoweza bila maumivu, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye soli, sentimita kumi. Akaviandika vyote pale mlangoni kwa penseli ya kawaida. Ngazi zake nje zilikuwa na kimo cha sentimita kumi na sita kila moja. Alikaa chini kitandani. "Hata ningeweka reli ya dhahabu," alisema, "nilikuwa nakutaka upande ukuta."

"Ulinijengea ngazi nikiwa na miaka thelathini," dada alimwambia. "Zilikuwa sawa wakati ule."

Ilikuwa Jumamosi, zimebaki siku nane. Shemeji aliniita kwenye ngazi, akanieleza kama vile hakuna lililotokea jana. Kwa kuwa ngazi zilikuwa pana, angemwaga kipandio kingine kidogo katikati ya kila viwili, upande wa reli tu. Saba zingekuwa kumi na nne, sentimita nane kila kimoja. Reli angeikata. "Ila zege linataka siku saba kukomaa," alisema. "Nikimwaga leo, litakuwa tayari Jumamosi jioni. Hatakuwa na siku ya kujaribu."

"Ataanza kujaribu Jumapili, mbele yao?"

"Mbele yao."

Tulitazamana. Kisha nikavua viatu, nikaanza kumpimia maji ya zege. Saa kumi jioni vipandio vyote vidogo vilikuwa vimemwagwa na kufunikwa magunia mabichi. Jumatatu fundi wa kuchomelea alikuja kuikata reli, akashika kiuno. "Milimita! Unaniambia nikate kazi iliyonyooka namna hii? Sabini na moja? Hiyo imeandikwa kitabu gani?" Shemeji akamwonyesha dirisha, ambapo dada alikuwa ameketi kwenye cherehani yake. "Kitabu kile pale," akasema. Fundi akacheka mpaka tumbo likaruka, lakini alikata.

Wiki ile dada alifanya mazoezi ndani. Shemeji alimtengenezea sanduku la mbao lenye kimo cha sentimita nane, akalifunga kando yake bomba fupi la sabini na moja. Panda, shuka. Panda, shuka. Mkono ulikuwa ukishuka wenyewe juu ya bomba, unakandamiza, na mguu unafuata. Mara mia kwa siku. Mimi nilihesabu, kazi niliyoizoea. Lakini sanduku ni kipandio kimoja, na nje vilikuwa kumi na vinne, na sanduku la nguo za safari bado lilikuwa kando ya kitanda. Sote tulilipita bila kulitaja.

Jumapili saa nne asubuhi tulikuwa tumepanga hivi: watoto wapande, wanywe chai, watulie, halafu dada ashuke taratibu mimi nikiwa karibu. Gari liliposikika kwenye kona, dada alisimama.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Watoto wanakuja. Tangu lini nikawapokelea kitini?"

Ni kweli, siku zote alikuwa akiwapokea getini. Alifika kibarazani, akanipa fimbo. Mkono wa kulia akauweka kwenye reli. Nikataka kumfuata, shemeji akanishika bega. "Mwache," akasema.

Kipandio cha kwanza. Cha pili. Alikuwa anatazama miguu, midomo inahesabu. Cha tano alisimama. Chini, gari lilikuwa limezimwa na kifunguamimba ametoka na mguu mmoja, amebaki hivyo, mlango wazi. Kitindamimba ameshika mdomo. Dada akavuta pumzi, akaendelea. Cha kumi aliinua macho. Cha kumi na nne alikuwa getini, anamwambia mwanawe, "Shikamoo huitoi, au unasubiri nikae?"

"Shikamoo, Mama," jitu zima lile likasema, na machozi yanalitoka.

Alimkumbatia, kisha mwanawe akamtolea mkono ampandishe. Dada akausukuma. "Ulisema bila kushikwa." Akageuka, akaishika reli kwa mkono wa kushoto, akapanda. Alipanda polepole sana. Majirani walikuwa wametoka tena, walewale, na mmoja alianza kupiga makofi mapema, nikamnyamazisha kwa jicho la mwalimu. Kipandio cha mwisho alikanyaga kwa mguu wenye chuma, makusudi, nadhani ni kwa ajili yangu niliyemhesabia wiki nzima. Halafu yeye mwenyewe akasema, "Sasa pigeni." Wakapiga.

Kifunguamimba alipanda nyuma yake. Amerefuka kama babu yao upande wa baba. Mkono wake uliitafuta reli hewani, haukuikuta, ikambidi ainame. Amekulia nyumba ya Milimita, vipimo anavijua kama sala. "Baba," alisema, "hii iko chini. Si unasema tisini?"

"Ni tisini."

"Na hii?"

"Sabini na moja."

"Kwa nini?"

Shemeji alimtazama mkewe, aliyekuwa tayari ameketi kwenye kiti cha kibarazani, anapepea uso kwa ncha ya kitenge, anacheka na jirani. "Kwa sababu mimi na wewe hatukuvunjika," alisema.

Kijana hakusema neno, kama alivyoahidi. Jioni walipoondoka, sanduku la safari lilirudi juu ya kabati, na aliyelirudisha ni yeye. Dada aliwasindikiza mpaka getini na kupanda tena, na mara hii hakuna aliyetoka kutazama.

Mimi nilikuwa naosha vikombe shemeji alipoingia jikoni. Alisimama kando ya rafu yake, akatoa kikombe, akakirudisha.

"Shemeji," alisema, "ile reli ya shule yenu. Bado ipo?"

"Ipo. Masweta yapo pia."

Akatikisa kichwa. Akachukua kitambaa, akakausha sahani mbili. "Kuna kipande cha bomba kimebaki," akasema.

Jumatano tulikwenda. Mwalimu wa sasa wa darasa lile alikuwa mwanafunzi wangu, mmoja wa wale waliotambaa, na alituruhusu kabla hatujamaliza kueleza. Shemeji hakuigusa ile reli ya juu. Alisema ya chini itakaa chini yake, watu wazima nao wana mikono. Kisha akawaomba watoto wapange mstari ukutani, akapiga magoti mbele yao, magoti yakalia kama mlango wa zamani, na watoto wakacheka. Akawa anawaambia mmoja mmoja walegeze mkono, anaweka futi kamba, anasoma. Mimi, niliyembebea kinyongo miaka kumi na minane, nilikuwa nimeishika ncha ya pili kwenye sakafu.

Msichana mmoja aliyekosa meno ya mbele alimtazama kwa makini kutoka kwenye mstari.

"Babu, kwa nini unatupima?"

"Kwa sababu," shemeji alisema, akiandika arobaini na nne, "mara ya kwanza nilisahau."